TV mbili za inchi 55: ipi iende kibanda umiza, ipi ibaki sebuleni?

Baba Zai wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo kabla sijatoa hela, maana nyumbani kwangu jambo hili limeshakuwa kesi.

Nipo Morogoro, Kihonda. Nina kibanda umiza cha kuonyesha mpira, siyo kikubwa sana: upana mita sita, urefu kama tisa, kuta za mabanzi, juu bati, mchana tunashusha turubai upande wa barabarani. Mabenchi yapo mistari sita. Siku ya Simba na Yanga watu wanakaa mpaka chini mbele ya benchi la kwanza, na wengine wanasimama pembeni mlangoni. Nimekuwa nikitumia TV ya inchi 43 ambayo sasa ina doa jeusi upande wa kushoto. Kila mpira ukienda kule natukanwa mimi, utadhani doa nimelipaka kwa mkono wangu. Leseni na kifurushi cha biashara nimelipia, kwa hiyo wale wanaopenda kuanzia hapo naomba tuvuke.

Nyumbani nako TV imekufa kabisa. Kwa hiyo nimekusanya hela ya TV mbili kwa mpigo, milioni mbili na laki nne, humo humo zitoke breketi za ukutani na TV guard.

Duka moja hapa mjini limenionyesha mbili, zote inchi 55, zote 4K. Moja LG ya UR78, nyingine TCL ya C645 ambayo boksi lake limeandikwa QLED kwa herufi kubwa. TCL imeizidi LG laki na nusu hivi. Muuzaji aliziwasha zote zikiwa zimepangana ukutani, zinaonyesha video ya matunda na samaki wa rangi. TCL rangi zinakurukia usoni. LG pembeni yake ikawa kama kanga iliyofuliwa na jiki.

Akili yangu ya biashara ikaniambia nzuri zaidi iende kazini, ndiyo italeta hela ya kununua nyingine. Mama Zai, ambaye alinisindikiza kwa hiari yake, akasema mbele ya muuzaji kwamba wateja wangu wanakuja kuangalia mpira, hawaji kuangalia harusi, kwa hiyo inayong'aa ni ya sebuleni. Yeye anaangalia tamthilia za Kituruki usiku, taa zimezimwa. Watoto ni katuni za YouTube. Mdogo wangu anayekaa kwangu ana PS4. Tumerudi nyumbani kila mtu na bodaboda yake.

Maswali yangu: ipi iende wapi? Hiyo 4K ina faida yoyote kwenye king'amuzi au nalipia maandishi? Na je, nipande treni ya SGR nikanunue Kariakoo, au bei inayopungua kule inaishia njiani?

---

Kisiki_Dodoma

Baba Zai achana na TV bandani, nunua projekta. Ukuta mzima uwanja. Mimi hapa mtaani kuna jamaa anayo, watu wanajaa mpaka nje.

Ukishindwa, tafuta OLED, ile TV ambayo kila nukta inawaka yenyewe bila taa ya nyuma, iliyotumika kutoka Dubai. Kwa hela hiyo hiyo unapata picha ambayo hizo mbili haziwezi hata kuiota.

---

Fundi wa Mabatini

Baba Zai, shikamoo kama umenizidi, kama sivyo basi marahaba.

Mimi ni fundi TV hapa Mwanza, na nyingi ninazoletewa zinatoka kwenye vibanda kama chako, baa na saluni. Za sebuleni huwa zinakuja baada ya mtoto kurusha rimoti. Suala la kampuni gani ni bora sitaligusa, watu wameshagombana humu mpaka wakafungiwa. Nakuuliza tu: wateja wako wanakaa wapi?

Chora kwenye karatasi. TV umeifunga katikati ya ukuta wa mita sita. Tuseme benchi la kwanza liko mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo. Anayekaa mwisho kabisa wa benchi hilo yuko mita tatu kutoka mstari wa katikati, kwa hiyo anaiangalia TV kwa pembe ya nyuzi 50. Benchi la tatu, mita nne na nusu, yule wa pembeni ana nyuzi 34. Benchi la mwisho, mita nane, wa pembeni ana nyuzi 20 tu. Umeona? Kwenye kibanda chako benchi la nyuma lina picha sawa hata pembeni, na waliowahi mapema wakakaa mbele ndio wanaoangalia TV kwa ubavu. Ukiongeza wale wa mlangoni, nusu ya watu waliokulipa hawako mbele ya kioo.

Sasa vioo vya LCD, vile vinavyomulikwa na taa kwa nyuma, na zote mbili ulizoonyeshwa ni LCD, vina koo mbili kubwa. Kuna VA na kuna IPS, na IPS ana ndugu yake anaitwa ADS, tabia zao ni zile zile. VA inaziba mwanga vizuri, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi kweli. Ukipima weupe dhidi ya weusi, VA inafika 3000 kwa 1 na kupanda, IPS inazungukia 1000 kwa 1. Lakini VA inataka ukae mbele yake. Ukishapita nyuzi 25 au 30 rangi zinaanza kupauka: nyasi zinakuwa kijani cha majimaji, jezi ya Simba inaelekea waridi, njano ya Yanga inafifia. IPS hata ukikaa ubavuni rangi inabaki ile ile, unachopoteza ni mwanga kidogo.

LG za bei hii kwa inchi 55 mara nyingi ni IPS au ADS. TCL za hiyo familia mara nyingi ni VA. Nasema mara nyingi kwa makusudi, kwa sababu viwanda hubadilisha kioo katikati ya uzalishaji na jina la TV likabaki lile lile. Usiniamini mimi, na muuzaji ndiyo kabisa. Rudi dukani ujipimie.

Ukifika, mwambie kwanza atoe zote kwenye hali ya picha ya duka, ile inayoitwa Vivid au Dynamic, aweke ya kawaida. Ile video ya matunda imetengenezwa ili uchanganyikiwe. Aweke mpira, wowote, hata wa marudio, ila picha ya mbali yenye nyasi nyingi. Halafu omba kistuli ukae pembeni pale ambapo mteja wako wa benchi la kwanza angekaa. Usisimame, kaa, maana wateja wako hawasimami. Tazama nyasi na uso wa mchezaji mweusi. Uso ndio unaosema ukweli kuliko nyasi: kwenye kioo kilichopauka ngozi inakuwa ya kijivujivu.

Kisha omba azime taa za upande huo kama moyo wake ni mweupe, aweke sinema yenye usiku. Hapo mambo yatageuka. IPS gizani inaonyesha weusi wa moshi, na ile mistari mieusi ya juu na chini ya sinema utaiona inawaka kijivu. VA itatulia. Mama Zai anayeangalia tamthilia taa zimezimwa, amekaa kwenye kochi mbele ya TV, akipewa IPS huo ukijivu atakutana nao kila usiku, wakati pembeni yeye hakai.

Kwa hiyo, kama vioo ni hivyo ninavyofikiri, LG bandani, TCL sebuleni. Mama Zai ameshinda, japo sababu aliyoitoa siyo.

Na usije ukadhani umepeleka mbovu kazini. Mpira una picha ya mchana, nyasi, mwanga mwingi. Weusi wa IPS hauonekani mpaka kuwe na giza kwenye picha na giza chumbani kwa pamoja. Angalia saa zako za biashara. Ligi yetu mechi nyingi ni saa kumi jioni. Ile ya Uingereza ya Jumamosi saa tisa ya kwao, huku ni saa kumi na moja, na wakisharudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba inakuwa saa kumi na mbili. Kipindi cha kwanza mwanga bado unapenya kwenye mabanzi. Ligi ya Mabingwa ya usiku, saa nne au saa tano, ndiyo itakayokukuta na giza mwanzo mpaka mwisho, na hapo watu wanaangalia mpira tu, hakuna anayekagua kona za kioo.

QLED siyo OLED, hiyo herufi moja inauza TV nyingi sana. QLED ni LCD ile ile ya taa kwa nyuma, wameongeza utando wa chembe ndogo sana unaofanya nyekundu na kijani vitoke safi zaidi. Ni kitu kizuri, hukudanganywa, ila hakigeuzi aina ya kioo. TCL hiyo ina Dolby Vision, ule mfumo wa kupanga mwanga na rangi za sinema, LG UR78 haina. Kwa sinema za mtandaoni ina maana kidogo. Kwa king'amuzi haina maana hata ya shilingi.

4K: king'amuzi chako kikiwa kwenye chaneli ya HD kinatoa mistari 1080. Chaneli za kawaida zisizo HD ni mistari 576. Kioo chako kina 2160. Iliyobaki TV inajazia yenyewe kwa kukisia. Kwa hiyo kwenye banda hulipii 4K kwa ajili ya mpira, unaipata tu kwa sababu inchi 55 za siku hizi karibu zote ni 4K. Ukikuta inchi 55 ya jina usilolijua imeandikwa "4K supported", soma hilo neno la pili polepole. Maana yake inalipokea faili la 4K, kioo kinaweza kuwa cha chini kabisa. Cha muhimu ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uhakikishe kinatoa 1080, wengi wanakiacha kwenye 576 miaka nenda rudi halafu wanalaumu TV. Na waya uwe HDMI. Bado naona watu wana TV ya milioni na waya wa rangi tatu.

Nyumbani upande wa YouTube na sinema, ujue 4K inakula bando. Netflix wenyewe wanasema 4K inafika GB 7 kwa saa, HD GB 3, ya kawaida GB 1. Kama hamna mtandao wa mwezi, ishusheni.

Hertz, yaani mara ambazo kioo kinabadilisha picha kwa sekunde, zote mbili ni 60, usibabaishwe na namba nyingine kwenye boksi. Mpira unakuja picha 50 kwa sekunde, 60 inatosha. Zima tu yale mambo ya kulainisha mwendo na kupunguza chenga, yanaufanya mpira uwe na mkia.

Sasa sikiliza kinachoua TV za vibanda, maana hiki hutaambiwa dukani. Siyo kioo. Ni taa za nyuma. Mtu ananunua, anaiacha kwenye Vivid, mwanga 100, chini ya bati lililochemka, saa kumi kwa siku. Taa zinaanza kufa moja moja, na kwa maelezo yako doa lako la inchi 43 ni hilo hilo, halijatoka mbinguni. Mwisho sauti inasikika, picha hakuna. Ukitaka kuhakikisha, zima taa za chumba, washa tochi ya simu, iegemeze karibu na kioo: utaona wachezaji wanakimbia kwa mbali gizani. Picha ipo, taa ndiyo zimekufa. Kuzibadilisha inabidi kioo chote kitolewe kwenye fremu, na kioo cha inchi 55 ni chembamba mno, kinataka watu wawili na subira. Nimeletewa vilivyopasukia mikononi mwa vijana waliokuwa na haraka, na kioo kikipasuka hapo hakuna tena matengenezo, bei yake inakaribia TV mpya.

Kwa hiyo bandani weka mwanga wa taa za nyuma 65 au 70 jioni, usiku shusha 50. Acha nafasi ya kiganja kati ya TV na ukuta hewa ipite. Na ziba matundu ya ukutani nyuma yake, mjusi akiingia kufuata joto akalala kwenye bodi ya umeme, mnakufa wote wawili, yeye na TV.

Umeme: hununui stabilaiza. Soma nyuma ya TV, nyingi zimeandikwa 100-240V, maana yake umeme mdogo inauvumilia. Kinachoua ni ule mshtuko umeme ukirudi. TV guard ndiyo kazi yake, inakata, ukirudi inasubiri kidogo ndiyo inaruhusu. Na guard hiyo isiwe ya bei ya soda. Matumizi yasikutishe, inchi 55 inakula wati 100 hadi 150, saa nane ni kama uniti moja.

Kisiki wa Dodoma, ndugu yangu, projekta saa kumi jioni ndani ya mabanzi? Hiyo ni ya usiku na ukumbi wenye kuta. OLED iliyotumika nayo kwenye biashara ya mpira siipendekezi hata kwa adui: ubao wa magoli na nembo ya chaneli vinakaa kona ile ile kila siku, OLED inavishika, mwisho unaangalia taarifa ya habari na ubao wa magoli unaonekana kwa chini.

---

MamaMkahawa_Kisauni

Salaam nyote. Mimi si fundi, nina mkahawa hapa Mombasa, na runinga yangu ndiyo inayoniuzia chai ya jioni. Fundi amesema maneno mazuri lakini ameruka kitu kimoja: mlango.

Mkahawa wangu mlango unatazama magharibi. Nilipofungua, runinga ilikuwa ukuta wa mkabala na mlango, basi kuanzia alasiri kioo chote ni barabara. Unaona matatu zinapita, unaona kanzu nyeupe ya mteja aliyekaa mbele, mchezaji humuoni. Hakuna runinga ya bei ya kati inayoshinda jua la alasiri, iwe ya jina gani. Nikaihamishia ukuta wa ubavuni na mlango, nikaiinamisha kidogo uso wake uelekee sakafuni, yakaisha. Baba Zai, kabla hujauliza ipi, simama pale itakapokaa, geuka, uone kioo kitakuwa kinatazama nini. Kama ni ule upande wa barabarani wenye turubai, watu watakuwa wanaingia na kutoka na kila mara mwanga unapigwa kiooni.

Jengine ni sauti. Spika za hizi runinga ni ndogo na zinatazama chini, watu thelathini wakikohoa husikii mtangazaji. Utahitaji sabufa. Lakini usiiunge kwa Bluetooth, sauti itachelewa, kipa ameshaudaka mpira ndiyo shuti linasikika. Unga kwa waya.

Na muulize muuzaji kuhusu waranti, umuulize waziwazi kama inahesabu matumizi ya biashara. Waranti nyingi ni za nyumbani tu, na imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Ni bora ujue sasa.

---

Kisiki_Dodoma

Nimekubali yaishe. Ila fundi, ile ya jamaa wa mtaani watu wanajaa kweli.

---

Fundi wa Mabatini

Usiku, Kisiki. Usiku.

Mama wa Kisauni, la mlango umenishika. Nililiruka kwa sababu vibanda vya huku kwetu havina mlango wa maana.

---

Baba Zai wa Kihonda

Wakuu nimerudi na majibu.

Nilienda dukani na Mama Zai, asubuhi kabla hawajawa na wateja. Kijana wa dukani nilipomwomba kistuli akadhani naumwa. Nikamwambia atoe Vivid, akasitasita, akasema bosi amekataza kugusa mipangilio. Mama Zai akamwambia basi na sisi hela yetu imekataza kutoka mfukoni. Akatoa.

Jambo la kwanza, zikiwa kwenye hali ya kawaida pengo kati ya hizo TV mbili lilipungua sana. TCL bado nzuri kwa mbele, sikatai, nyekundu yake ina uzito. Ila ile LG iliyokuwa imepauka, haikupauka tena.

Nikakaa pembeni, kistuli kikiwa karibu na mafriji, nimepimia kwa hatua nipate kama benchi la kwanza. TCL: nyasi zikawa za maziwa. Kulikuwa na marudio ya mechi ya Afrika, nikatazama nyuso kama fundi alivyosema, na kweli zilikuwa na majivu. Nikasogeza kistuli kidogo kidogo kuelekea katikati mpaka rangi ikarudi, na hapo nilipofika ni pale ninapokaaga mimi mwenye banda, karibu na sanduku la hela. Kumbe ndiyo maana sikuwahi kuelewa wateja wa pembeni wanalalamika nini. LG nikakaa mpaka karibu na ukuta, mchezaji bado ana rangi yake.

Tukaomba kuzima taa. Kijana alishakata tamaa, akazima. Akaweka filamu ya vita ya usiku. LG ikageuka bluu ya moshi, kona ya chini kulia inawaka zaidi. TCL giza tupu, unaona moto tu. Mama Zai hakusema neno. Alinyoosha kidole.

Kwa hiyo tumeelewana: LG bandani, TCL nyumbani. Tulipoanza kuondoka, muuzaji mwenyewe alitokea akashusha bei, zote mbili kwa milioni moja na laki tisa na nusu. Kariakoo sikwenda. Nilipiga simu kwa mtu wangu kule, bei ilikuwa chini kwa kama laki na ishirini kwa zote mbili, ukitoa nauli yangu, kusafirisha maboksi mawili na roho kuwa juu njia nzima, naona nibaki na duka ninaloweza kurudi kwa miguu kugombana.

Waranti nimeuliza, Mama wa Kisauni ulikuwa sahihi, imeandikwa matumizi ya nyumbani. Muuzaji anasema ya bandani atanipa miezi sita yake mwenyewe ya dukani, kwa mdomo. Sijalipa bado, naenda kesho.

Yamebaki mawili. Bandani niifunge juu kiasi gani, wale wa nyuma waone bila kuwavunja shingo wale wa chini? Na mdogo wangu anasema TCL itachelewesha PS4 yake, ni kweli au anatafuta TV ya chumbani kwake?

---

Fundi wa Mabatini

Anatafuta TV ya chumbani kwake.

PS4 ichomekwe HDMI, halafu kwenye mipangilio ya picha ya ingizo hilo awashe hali ya mchezo, ile iliyoandikwa Game. TV inaacha kuipamba picha, kidole na mchezaji vinakwenda pamoja. Wengi wanacheza bila kuiwasha, wanafungwa, wanasema TV nzito.

Urefu: mtu akikaa kwenye benchi kichwa chake kiko mita moja na robo hivi. Ukiweka ukingo wa chini wa TV mita moja na nusu au na sentimita 60 kutoka chini, wa nyuma wanapita juu ya vichwa. Kioo chenyewe kina kimo cha sentimita 68, kwa hiyo juu itafika mita mbili na kidogo. Halafu uiinamishe mbele kama nyuzi 10, hapo unawasaidia wanaokaa chini na unaukimbia mwanga wa mlangoni kwa mpigo mmoja. Breketi iwe ile inayoinama, siyo ile bapa inayobana ukutani. Na usiifunge kwenye banzi. TV ina kilo 14 au 15, siku ya goli la dakika ya mwisho ukuta wako wote unatikisika. Simamisha nguzo mbili za mbao ngumu, pitisha ubao katikati, funga kwa bolti za kupenya mpaka nyuma. Kabla hujanunua breketi pima umbali wa matundu ya nyuma ya TV, usinunue kwa kukisia.

Kubeba kutoka dukani, boksi lisimame wima kama mishale inavyoonyesha. Usilaze hata kama bajaji ni moja na njia ni fupi, inchi 55 ikilala na kurushwa kwenye matuta kioo kinapasuka ndani na boksi halina hata mkwaruzo.

Hiyo miezi sita ya mdomo, kesho iwe ya maandishi kwenye risiti ya EFD au karatasi yenye muhuri wa duka, na namba ya serial ya kila TV iandikwe. Ziwashe zote mbili hapo hapo, ziache nusu saa, pitia kioo kizima kwenye picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu utafute nukta na vivuli. Muuzaji akisema ana haraka, mtume Mama Zai.